Nafasi ya Mtu Kusimama

Alikuwa na desturi ya kuandika maneno mawili ubaoni, moja kushoto kabisa, jingine kulia kabisa, na katikati akaacha nafasi ya mtu kusimama. Walimu wengine walipanga maneno yao kwa safu, kutoka juu kwenda chini, kama mtu apandaye maharage. Yeye aliyatenga. Kisha alijipangusa chaki mikononi, akalitazama darasa kwa utulivu uliotutisha kuliko fimbo, akamwita mmoja wetu: "Njoo usimame hapa. Utuambie huyu ni nani na yule ni nani, na kila mmoja kwao ni wapi."

Maneno aliyaita watu. Alisema yana kwao, yana safari, yana majina ya utotoni, na yapo yanayofanana sura bila kuwa na undugu wowote. Hayo ndiyo aliyotuletea kila Ijumaa katika kipindi cha mwisho, wakati sisi wa bweni tulipokuwa tukiwaza maharage ya jioni. Alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza hapa wilayani Ngara, na ingawa nimekutana na walimu wengi baada yake, hata chuoni, nikisikia mtu akisema "Mwalimu" bila kutaja jina, huyo ndiye anayenijia.

Naandika habari zake nikiwa nimetoka kwake, Kirushya, na udongo wa shamba lake bado umeganda kwenye viatu vyangu. Lilikuwa shamba la migomba, na katikati yake amelazwa mkewe. Sasa halina mgomba hata mmoja. Mimi, mwanafunzi wake, ndiye afisa kilimo niliyeagiza migomba yote ikatwe.

Siku yangu ya kusimama katikati ilinikuta kidato cha tatu. Kushoto aliandika *desperate*, kulia *disparate*. Aliyasoma polepole, na kwa masikio ya msichana wa Nyamahanga, Biharamulo, aliyekulia katika Kisukuma cha nyumbani na Kiswahili cha shuleni, ilikuwa sauti ileile mara mbili. Nilisema la kwanza ni mtu aliyekata tamaa. La pili sikulijua, nikabahatisha kwamba huyo naye amekata tamaa, ila zaidi. Darasa liliangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Amekata tamaa," alirudia. "Harafu? Yuko wapi sasa hivi?"

"Amekaa, Mwalimu."

"Amekaa wapi?"

"Chini."

"Nani kamkalisha?"

Niliangalia sakafu.

"Wewe ndiye umemkalisha, kwa tafsiri yako. Kwetu mtu akikata tamaa ameweka jembe chini, mambo yamekwisha. Huyu wa kushoto hajaweka kitu chini. Anakimbia. Anagonga milango. Anafanya hata lile ambalo jana angelionea aibu, kwa sababu tumaini limekwisha na miguu haijapata habari."

Kisha alitupeleka kwao. Kilatini alikijua kutoka seminari, aliyoiacha kabla ya upadri kwa sababu ambayo hakutuambia, nasi tulipomwona mkewe hatukuuliza. *Sperare*, alisema, ni kutumaini. Na *de* ile ya mwanzoni ni kuteremka, kuondoka mahali. "Kwa hiyo huyu alikuwa juu ya tumaini, akateremka. Asiyewahi kutumaini hawezi kuitwa kwa jina hili. Hana alipokuwa." Yule wa kulia alitoka kwenye *parare*, kuandaa, na *dis*, huku na huku: vitu vilivyoandaliwa kila kimoja mahali pake, vikatengana kiasi kwamba hata ukivileta pamoja havipimiki kwa kipimo kimoja. "Ng'ombe na sala," alisema. "Utaniambia kipi kizito?" Wengine, aliongeza, huona ndani yake pia neno la Kilatini la kutokuwa sawa. Lakini babu wa huyu na babu wa yule hawakuwahi kuonana. Ni watu wawili wasio ndugu waliokutana mnadani wamevaa shati la mtumba la aina moja.

Nilirudi kwenye dawati nikiwa na aibu, na nikiwa na kitu kingine ambacho ilinichukua miaka kukitambua: furaha ya kuona mpaka mahali nilipodhani hapana mpaka.

Mtu huyu aliyetuadhibu kwa kuchanganya maneno ya Kiingereza alichanganya mwenyewe r na l za Kiswahili bila toba. Alisema "harafu", alisema "kulara", na siku moja mvulana mmoja mjuaji wa dawati la nyuma alinyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Ni halafu au harafu?"

"Ni ile uliyoisikia ukaielewa. Kaa chini."

"Lakini Mwalimu, wewe unasema tofauti ni..."

"Ulimi wangu ni wa Kihangaza. Ulifika hapa kabla ya shule. Kaa chini, harafu unyamaze."

Aliwabana watu kwenye alama, hata aliyepata zote alikatwa moja "ili abaki na njaa". Lakini usingeondoka nyumbani kwake mikono mitupu. Kamusi yake kubwa aliifungia kabatini, na hakuna mkono mwingine ulioifunua; hata mkewe aliifuta vumbi kwa nje tu. Shamba lake, kwa upande mwingine, liliguswa na kila panga la Kirushya. Wanawake wanaopika rubisi, pombe ya ndizi, walikuja na mapanga yao, wakaingia, wakachagua mikungu ya ndizi za pombe, wakakata. Waliohitaji majani ya kufunikia walikata. Waliohitaji machipukizi walichimba. Alikuwa akikaa kwenye kibaraza na kuwapungia mkono: "Ingia, ingia, chagua."

Mkewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alizoea kumtania mbele yetu tulipokwenda kumsalimu likizo. "Huyu mzee wenu! Kamusi anaifungia kama mahari, shamba analiacha wazi kama kanisa."

"Kamusi wakiichana haioti tena, mama watoto," alijibu. "Mgomba ukikatwa unaota."

Kila aliposema hivyo alicheka, akimtazama. Huo ndio mgongano wa tabia yake ninaourudia akilini sasa: mtu aliyeishi kwa kutenganisha maneno hakujua kutenganisha panga na panga.

Aliwahi kuja nyumbani kwetu, Nyamahanga. Baba alikuwa ametoka Shinyanga na ng'ombe wake kabla sijazaliwa, na mwaka ule aliamua kwamba nimesoma vya kutosha. Mwalimu alipanda basi, akatembea kipande kilichobaki, akafika na koti lake la shule limejaa vumbi. Baba alimpa kigoda, wakazungumza mvua, wakazungumza malisho, kisha baba akauliza lililomkaa moyoni.

"Mwalimu, hicho Kiingereza kina ng'ombe?"

"Hakina, mzee wangu. Kina maneno tu." Akaelekeza kidole zizini. "Wale wekundu wawili pale, unawajuaje?"

"Eh! Wale? Yule mama yake alitoka kwa mjomba. Huyu tulimpata kwenye mahari ya dada yangu. Tazama pembe, tazama anavyosimama. Mtu atawachanganyaje?"

"Mimi nawachanganya."

"Kwa sababu hukufundishwa."

"Basi," alisema Mwalimu, "hicho ndicho ninachomfundisha binti yako."

Baba alicheka kwa pua. Nilirudi shuleni. Lakini kwanza kulikuwa na chakula. Mama alijua uwele, alijua ugali, alijua maziwa, ndizi hakuzijua. Alikuwa amesikia kwamba mtu wa Ngara usipompa ndizi hujamkaribisha, akanunua mkungu sokoni, akauchemsha kwa maharage. Zilikuwa ndizi za pombe. Kwa macho ya mgeni hazina tofauti na za kupika, ila mdomoni hukausha ulimi kama umelamba majivu. Mwalimu alikula.

"Ongeza, Mwalimu," mama alisema.

"Naongeza, mama."

Mama alipotoka kuleta maji, baba aliweka kipande mdomoni, akakitema uani. "Mwalimu! Huyu mwanamke anataka kukuua!"

"Taratibu, mzee. Atasikia." Akamaliza sahani. Muhula uliofuata alituma kwa basi machipukizi ya ndizi za kupika kutoka shambani kwake, yamefungwa kwenye majani makavu, pamoja na ujumbe wa mdomo kwa mama kwamba hawa ndio wenyewe, wale wengine wamefanana tu. Migomba ya mama, Nyamahanga, ni uzao wa hayo. Bado imesimama.

Niliposema nakwenda chuo kusomea kilimo, nilidhani atasikitika kwamba sikuchagua lugha. "Migomba?" alisema. "Vizuri. Nayo ina wanaofanana." Hakujua alichosema, wala mimi sikujua.

Mkewe alifariki miaka michache baada ya yeye kustaafu. Watoto wao wapo Mwanza na mbali zaidi. Alimzika katikati ya migomba, kama ilivyo desturi, chini ya kivuli kizito ambacho mvua ndogo haikipenyi, akaweka benchi la mbao kando ya saruji ya kaburi. Kila nilipopita kwa pikipiki kikazi nilimkuta pale. Hakuwa akilia. Alimsomea magazeti ya zamani, na nilipofika alinitania: "Tupunguze sauti, mama watoto, serikali imefika." Nilimwona mtu aliyepata mahali pa kuwekea huzuni yake, na mahali hapo palikuwa kivuli.

Kisha jirani yake akanipigia simu. "Afisa, njoo kwa Mwalimu. Ndizi zinaiva kabla ya kukomaa."

Nilimkuta ukingoni mwa shamba, amevaa lile koti la shule. Mtu ambaye hakuwahi kuniruhusu nipite bila shikamoo, siku hiyo hakuisubiri.

"Ni Panama," alisema. "Nimeitazama. Majani yamevunjika shingo, yamening'inia kama sketi. Panama inakaa udongoni, haiendi na panga. Utang'oa michache, mingine itabaki. Si ndivyo?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Si ndivyo?"

Panama na mnyauko wa bakteria ni magonjwa mawili ambayo ukiyatazama kutoka barabarani utayachanganya: yote hukausha majani yakageuka manjano na kulegea. Panama hula polepole, na migomba ya kupika ya milima yetu huistahimili. Mnyauko wa bakteria haustahimiliwi na aina yoyote tuliyonayo. Huenda na panga, huenda na nyuki, na ukishasambaa shambani hakuna dawa. Kijiji kilikuwa kimekubaliana mkutanoni kwamba shamba la namna hiyo likatwe lote kabla halijafika kwa jirani.

Nilikata kidole cha ndizi. Ndani kilikuwa na rangi ya kutu. Nikawasha moto mdogo, nikachoma panga langu kama tunavyowafundisha watu, ili lisibebe ugonjwa kutoka shina hadi shina. Mwalimu alilitazama panga likichomwa, na nikaona uso wake ukibadilika kabla sijasema neno.

"Kwa hiyo ni panga," alisema.

"Mara nyingi ni panga, Mwalimu."

"Yote yaliyoingia humu." Hakuwa akiuliza. "Nami nimekaa kibarazani, nasema ingia, chagua."

Nilikata shina. Tulisubiri. Kwenye mkato likaanza kujitokeza tone la manjano, kisha jingine, zito kama usaha. Hapo ndipo ilipotoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Binti yangu, andika Panama."

"Mwalimu, ni tofauti."

"Najua ni tofauti! Nani alikufundisha kutofautisha?" Alinishika mkono, ule wenye panga. "Nimewasahihisha watu maisha yangu yote. Wewe nikosee hili moja. Moja tu. Mama watoto yuko humo."

"Mwalimu..."

"Basi tuchimbe mtaro kuzunguka. Nitauchimba mwenyewe. Au tuache upande wa kaburi tu. Au tumlete padri abariki shamba. Afisa wa wilaya unamfahamu? Nipeleke kwake. Nitampigia magoti."

Alikuwa akienda mgomba hadi mgomba, akiugusa, akiugonga kwa kiganja, akitafuta mmoja usio na dalili, na alipouona aliniita kwa kelele, "Huu! Tazama huu ni mzima!", nami nikalitazama ua lake lililoanza kusinyaa kwa juu, nikatikisa kichwa, naye tayari alikuwa ameshafika kwa mwingine. Nilimwona mtu wa kushoto ubaoni. Tumaini lilikuwa limekwisha, na miguu haikuwa imepata habari.

Sikuandika Panama. Kuanzia ukingoni kwa Mwalimu hadi bondeni kuna nyumba baada ya nyumba, na katika kila moja chakula cha watoto ni ndizi na maharage. Nililijua hilo, naye alilijua. Ndiyo maana nilipokunja karatasi yangu hakunilaani. Alikaa kwenye benchi, akasema kwa sauti ya darasani, "Umejibu vizuri," na sijawahi kupewa sifa iliyoniumiza kama hiyo.

Vijana wa kijiji walikata. Mgomba hauanguki kwa kishindo kama mti. Huinama, hutoa sauti ya maji, hulala. Aliomba upande wa kaburi uwe wa mwisho, na ulipofika alikusanya majani yaliyobaki mabichi akaifunika saruji yote, safu juu ya safu, kama anavyofunikwa mgonjwa. Nilitaka kumwambia kwamba hayo nayo yanapaswa kuzikwa. Niliwatuma vijana wakanywe maji.

Wanakijiji walimjia baadaye, wale waliokuwa wakikata mikungu. Mwanamke mmoja mpika rubisi alisimama uani akilia. "Ni panga langu, Mwalimu. Mimi ndiye niliyekuua."

"Nyamaza," alimwambia. "Uliingia kwa sababu niliacha wazi. Chukua kiti." Lakini hakukuwa na cha kumpa aondoke nacho, na nadhani hilo lilimuumiza kuliko yote. Nilimwona akiangaza huku na huku uani, kisha akaenda jikoni, akamletea chumvi kwenye karatasi.

Jana nilikwenda tena, kutoka Kanazi ambako nilikuwa na kazi. Zamani, kutoka barabarani, nyumba yake haikuonekana. Ulijua umefika kwa ubaridi. Sasa nyumba inaonekana, choo kinaonekana, na kaburi linaonekana, jeupe, katikati ya uwanda wa visiki vilivyooza. Majani aliyolifunikia yalikwisha kukauka na kupeperuka. Yeye alikuwa ameinama kando yake na jembe dogo.

Alikuwa akipanda chipukizi. Kandokando kulikuwa na mengine, moja limenyauka, moja limelala, moja limebaki uzi mweusi. Alikuwa ameyachimba kwenye visiki vilevile vilivyougua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Umenikamata."

"Ardhi inabidi ipumzike. Tulikubaliana. Maharage, viazi vitamu, halafu migomba."

"Tulikubaliana."

"Hili nalo litakufa."

"Najua. Kila ninalolipanda linakufa." Alishindilia udongo kwa kiganja, taratibu.

Nilichutama. Nilimwambia kwamba machipukizi aliyompa mama yamezaa shamba zima Nyamahanga, mazima, ni watoto wa shamba hili hili. Ardhi ikishatakasika nitamletea mwenyewe.

"Lini?"

"Mwakani, Mwalimu. Baada ya mvua."

"Mwakani ni neno la mtu wa umri wako." Alisema bila uchungu, kama anayesahihisha.

"Basi tupande mti. Mgrevilia hukua haraka."

"Mti, kwa mtu wa migomba?" Alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Hao ni wa upande wa kulia ubaoni, kila mmoja aliandaliwa kwake."

"Sasa kwa nini unapanda, kama unajua litakufa?"

Alilitazama kaburi, saruji iliyokuwa imeanza kupasuka nyufa nyembamba kwa joto, kisha akaweka mkono juu yake na kuuondoa mara, kwa kuwa ilikuwa inaunguza.

"Mama watoto hajazoea jua," alisema.

Nililing'oa chipukizi. Ilikuwa kazi yangu, na lilitoka kwa urahisi kwani mizizi haikuwa imeshika. Hakunizuia. Alijipangusa udongo mikononi, kiganja kwa kiganja, vilevile alivyokuwa akijipangusa chaki, akasimama wima kwa shida, akaonyesha mahali kati ya kaburi na jua la alasiri.

"Njoo usimame hapa."

Nilikwenda nikasimama. Kivuli changu kilianguka juu ya saruji, kikafunika kutoka miguuni kwa mkewe hadi kifuani. Usoni hakikufika.

"Sogea, binti."

Nikasogea. Uso ukapata kivuli, miguu ikabaki juani.